Mwasho Usio na Jina

Mgonjwa wa homa akilala kitandani huletewa uji, hufunikwa shuka, na majirani huja kumjulia hali. Lakini mtu awashwaye mwili mzima, ambaye usiku haoni usingizi na mchana hawezi kukaa mbele za watu bila ya kupeleka mkono mgongoni, aghalabu huambiwa aoge, abadilishe sabuni, apunguze kula pweza, au aache kujikuna kwa kuwa kujikuna ndiko kuletako mwasho. Hakuna amwombeaye dua. Maradhi yake hayamlazi wala hayapimwi kwa kipimajoto, na kwa sababu hiyo wenziwe huyahesabu kuwa ni usumbufu mdogo, hali ya kuwa yeye mwenyewe ajua ya kwamba mwasho wa kudumu huvunja moyo sawasawa na maumivu, na pengine kuliko maumivu, maana mwenye maumivu husadikiwa.

Katika makala haya nakusudia kuwasemea watu hao, na kauli yangu ni hii: mengi ya yale tuyaitayo mwasho usiokuwa na sababu yana sababu, illa sababu hiyo hutafutwa katika siku isiyokuwa yake na mahali pasipokuwa pake, na yale machache ambayo sababu yake haionekani hata baada ya kutafutwa kwa bidii, nayo ni maradhi ya kweli, yajulikanayo na matabibu na yenye dawa ya kuyatuliza. Hayastahili dhihaka, wala hayastahili tuhuma za kijicho na uchawi ambazo wakati mwingine hutenganisha jamaa wa nyumba moja.

Watu wa makamo na wazee wa Afrika ya Mashariki hawajaisahau klorokwini. Ilipokuwa ndiyo dawa ya kwanza ya malaria, kabla ya Kenya kuiacha mwaka 1998 na Tanzania mwaka 2001, wako walioiogopa dawa kuliko homa yenyewe, kwa kuwa saa kadhaa baada ya kumeza vidonge walianza kuchomwachomwa viganjani, nyayoni, kichwani na kila mahali, bila ya kipele hata kimoja kuonekana, na maji ya kuoga yakazidisha adha badala ya kuipoza. Wengine walivitupa vidonge kisirisiri wakawaambia watu kuwa wamevimeza. Mwasho ule haukuwa mzio khasa, bali athari ya dawa yenyewe, iliyowapata Waafrika weusi kwa wingi na Wazungu kwa nadra. Nautaja kwa kuwa ni ushahidi ambao maelfu ya wasomaji wanao katika miili yao wenyewe, ya kwamba mtu aweza kuwashwa hadi kutaka kulia na ngozi yake isiwe na alama yoyote ya kumwonyesha mwenziwe.

Mzio, au aleji kama wasemavyo wengi, hupita njia mbili, na asiyezitenganisha hapati kuujua wake. Ya kwanza ni ya haraka. Mtu hula kamba, au huumwa na nyuki, au hudungwa sindano ya penisilini, na katika dakika chache chembe maalumu zilizomo ngozini, alizozieleza Paul Ehrlich wa Ujerumani tangu mwaka 1878, hufunguka na kumwaga histamini. Mishipa midogo ya damu huvuja maji, na ngozi ikainuka mabaka yenye kuwasha. Ukali wa njia hii ulijulikana kwa mkasa wa kusikitisha: mwaka 1901 Wafaransa wawili, Charles Richet na Paul Portier, walisafiri katika merikebu ya Mwana-mfalme Albert wa Monaco wakichungua sumu za viumbe wa baharini, na waliporudi nchi kavu wakaona ya kuwa mbwa aliyesalimika na sumu mara ya kwanza alikufa katika muda usiotimia nusu saa alipopewa kiasi kidogo cha sumu ile ile wiki chache baadaye. Yaani kukutana nayo mara ya kwanza hakukumzoesha, bali kulimwandalia maangamizi. Richet alipata tuzo ya Nobel mwaka 1913 kwa kazi hiyo.

Njia ya pili ni ya polepole, na hiyo ndiyo iletayo fumbo. Hapa ngozi hufanya kama mdai mvumilivu, ambaye hakugongei mlango siku uliyokopa, bali huja umekwisha sahau deni. Kitu kinachogusa ngozi huingia ndani yake, na chembe za kinga ya mwili hujifunza kukijua, jambo lichukualo siku kumi hadi wiki mbili au zaidi. Zikishajifunza hazisahau tena, aghalabu maisha yote. Tangu hapo kila kigusapo tena, vipele na malengelenge hutokea baada ya siku moja, mbili au tatu. Basi mtu aliyeguswa na kitu siku ya Ijumaa huanza kuwashwa Jumapili, akakumbuka alichokula Jumapili asubuhi, akamlaumu samaki asiyekuwa na hatia.

Liko kosa jingine la fikira lililo kubwa kuliko hilo, nalo nimelisikia likisemwa kwa yakini na watu wenye akili timamu: "Mafuta haya nimeyatumia miaka kumi, hayawezi kuwa ndiyo." Yaweza. Kinga ya mwili yaweza kukivumilia kitu miaka kumi na mwaka wa kumi na moja ikakikataa. Wala si lazima kiwe kigeni au kichafu au cha bei rahisi. Marashi ya thamani yana harufu ambazo ni miongoni mwa visababishi vikubwa vya mzio wa ngozi duniani.

Mfano ulio karibu nasi, na ambao waniuma, ni piko. Katika Lamu, Mombasa na Unguja bibi arusi hupambwa mikono na miguu kwa hina, na hina halisi haina haraka: majani ya mhina husagwa yakawa unga wa kijani, ukakandwa kwa maji ya ndimu au chai ya rangi, ukaachwa ukolee, kisha ukapakwa na kukaa mwilini saa nyingi, na rangi yake huanza na uchungwa ikaingia katika wekundu na hudhurungi. Haiwi nyeusi tititi. Weusi ule wa kung'aa wa piko, unaopendwa kwa kuwa huzipambanua nakshi na kukauka upesi, hutoka katika unga wa rangi ya nywele ambao huchanganywa kwa maji katika kikombe na kuchorwa kwa kijiti chembamba, na ndani ya unga huo mna kemikali iitwayo parafenilenidiamini, ambayo ni mojawapo ya vitu vyepesi mno kuifundisha ngozi mzio.

Aliyekwisha kupakwa zamani, labda siku ya Idi alipokuwa mtoto, huingia katika arusi yake na ngozi iliyokwisha jifunza. Siku ya pili au ya tatu ya fungate mstari uliochorwa kifundoni huanza kuwasha, kisha huinuka, kisha hujaa maji. Na ukiutazama kwa karibu utaona malengelenge yameifuata nakshi bila ya kukosea, jani kwa jani na kikonyo kwa kikonyo, na ngozi iliyo baina ya mistari imebaki salama salimini. Hakuna ushahidi ulio dhahiri kuliko huo. Mshtakiwa ameandika jina lake kwa mkono wake. Hata hivyo wako wasemao kwamba ni macho ya watu, na bibi arusi aliyestahili kufurahi hufichwa chumbani. Yakipona, hubaki alama nyeupe au nyeusi yenye umbo la ua kwa miezi mingi.

Wala habari haishii hapo. Msichana yule, akisha kuwa mama wa makamo na kutaka kuficha mvi, hununua rangi ya nywele dukani, na siku ya pili kope zimevimba hata macho hayafumbuki. Naye hawezi kuunganisha uso huu na piko ya miaka thelathini iliyopita. Huenda akapakwa dawa ya ganzi yenye benzokaini, au akavaa nguo iliyotiwa baadhi ya rangi za giza, ngozi ikakataa tena, kwa kuwa kinga ya mwili huwachanganya jamaa wa kemikali moja. Katika nchi za Umoja wa Ulaya sheria huruhusu parafenilenidiamini katika rangi ya nywele tu, isizidi asilimia 2 inapopakwa kichwani, na Marekani nayo haijairuhusu kupakwa ngozini. Katika Sudan, ambako wanawake wameichanganya na hina kwa miaka mingi, madaktari wa Khartoum wameandika habari za watoto waliovimba koo na kuharibikiwa na figo kwa sumu yake. Haifai kabisa kuachwa nyumbani mahali ambapo mtoto aweza kuifikia.

Nasema wazi rai yangu: unga wa nywele usipakwe mkono wa bibi arusi, wala wa mtoto siku ya Idi, wala wa mgeni ufukweni. Hina yatosha, na uzuri wake ulitosha kabla ya unga huo kuletwa. Hina halisi mara chache sana hudhuru, illa kwa watoto wachanga wenye upungufu wa kimeng'enya kiitwacho G6PD, ambao damu yao yaweza kuharibika wakipakwa mwili, nao wasipakwe.

Fumbo la piko ni jepesi kwa sababu nakshi humfichua mkosaji. Yako mafumbo magumu zaidi, na moja lililofumbuliwa katika zama zetu lilitokea mbali na hapa, katika Finland na Uingereza, kuanzia mwaka 2006. Watu wengi, wasiojuana, walipatwa na ukurutu mkali mgongoni, matakoni na nyuma ya mapaja, wakatibiwa kwa hili na lile wasipone, na madaktari wakashangaa. Tabibu wa ngozi wa Finland, Tapio Rantanen, alizingatia mahali penyewe pa maradhi akauliza swali ambalo laonekana la kitoto: sehemu hizi za mwili hugusa nini? Hugusa kiti. Wagonjwa walikuwa wamenunua viti na makochi mapya yaliyotoka China, na ndani yake mlikuwa na vipakiti vya dimethili fumarati, unga wa kuzuia ukungu wakati wa safari ya baharini, ambao kwa joto la mwili wa mwenye kukaa uligeuka mvuke ukapenya kitambaa na nguo. Mwaka 2008 alitangaza matokeo ya vipimo vyake, ambavyo vilionyesha ya kuwa hata chembe ndogo mno za unga ule zilitosha kuamsha ngozi za wagonjwa, na mwaka 2009 Umoja wa Ulaya ukapiga marufuku bidhaa zenye kemikali hiyo. Fikiri juu ya wale waliokwisha ambiwa kwamba maradhi yao yametoka katika fadhaa na mawazo, kisha jioni wakarudi nyumbani kupumzika juu ya kochi lile lile.

Mahali pa maradhi, basi, ndipo pa kuanzia. Ukurutu wa ndewe za masikio na tundu la pua huelekeza kwenye nikeli ya herini na kipini. Wa juu ya mguu, ulioshika njia ya mikanda ya kandambili, huelekeza kwenye dawa zilizotiwa katika mpira. Wa mikono ya mwashi huelekeza kwenye saruji, ambayo ina kromati, na Denmark ilikwisha amuru tangu mwaka 1983 kwamba kromati hiyo ipunguzwe katika saruji, jambo lifanywalo kwa kutia chumvi ya chuma, sheria ambayo mafundi wetu wangali wakiihitaji. Na mwasho uzidio usiku, ulioshika baina ya vidole na kiunoni, na uliowapata watu wawili au watatu wa nyumba moja, si mzio hata kidogo: huo ni upele wa wadudu, na dawa yake ni kuwatibu wote waliomo nyumbani siku moja.

Kwa yale yasiyojidhihirisha kipo kipimo kikongwe, kilichoanzishwa na Josef Jadassohn wa Breslau, mji ambao leo ni Wrocław wa Poland, mwaka 1895. Vikombe vidogo vyenye kemikali mbalimbali, kila moja kwa kiasi chake, hubandikwa mgongoni kwa utepe, na mgonjwa hukaa navyo siku mbili bila ya kuoga mgongo wala kufanya kazi ya kutoa jasho. Kisha hubanduliwa, daktari akatazama, akatazama tena siku ya nne na pengine ya saba, kwa kuwa ngozi, kama nilivyokwisha sema, hujibu kwa kuchelewa. Kikombe chenye mkosaji huacha duara jekundu lenye vipele. Kipimo hiki hakipatikani kila mahali kwetu, na hilo ni jambo la kusikitisha. Lakini madaktari wa ngozi wapo, na katika hospitali ya KCMC, Moshi, kimekuwapo tangu mwaka 1992 chuo cha mafunzo ya maradhi ya ngozi, ambacho wahitimu wake wameenea katika nchi nyingi za Afrika.

Nimesema duara jekundu, na hapo pana tatizo letu wenyewe. Vitabu vingi vya tiba viliandikwa kwa ngozi nyeupe, na wekundu unaotajwa katika kila ukurasa, juu ya ngozi nyeusi huwa zambarau, kijivu, au weusi uliozidi weusi. Mwaka 2020 mwanafunzi wa udaktari katika chuo cha St George's, London, Malone Mukwende, kijana mwenye asili ya Zimbabwe, alitoa pamoja na walimu wake kitabu cha picha kuonyesha dalili za maradhi katika ngozi nyeusi, kwa sababu hakuziona katika masomo aliyofundishwa. Mgonjwa mweusi ambaye ameambiwa na daktari kwamba "sioni kitu" asikate tamaa. Amwombe daktari aiguse ngozi kwa mkono, maana uvimbe na ukavu ambao jicho lisilozoea halikuuona, kidole huuona.

Nabakiwa na wale ambao sababu yao haipatikani kabisa. Wako watu ambao mabaka yaliyoinuka huwazukia karibu kila siku: lililokuwa pajani asubuhi halipo jioni, na jingine limetokea shingoni, na kila moja huondoka kabla ya kutimia saa 24 bila ya kuacha alama, hata wakifika kwa daktari hawana la kumwonyesha. Hali hii ikizidi wiki 6 huhesabiwa kuwa ni sugu. Huwapata wanawake kuliko wanaume, na katika wengi wao hakuna chakula wala sabuni iliyo na lawama. Mwaka 1993 watafiti wa London, miongoni mwao Michihiro Hide na Malcolm Greaves, walionyesha ya kwamba katika damu ya baadhi ya wagonjwa hao mna kingamwili ziamshazo zile chembe za histamini za mwili wenyewe. Yaani mwenye kuwashwa hakula kibaya wala hakugusa kibaya; mwili wake umejigeukia.

Natamani habari hii imfikie kila mgonjwa wa namna hiyo, kwa kuwa asiyeijua huanza kujinyima. Huacha samaki, kisha mayai, kisha maziwa, kisha nyanya, na kila mabaka yakipungua kwa siku mbili hudhani ameshinda, yakirudi huongeza jingine katika orodha, mpaka anakonda na mwasho ungalipo. Tiba ya kwanza ni vidonge vya kuzuia histamini visivyoleta usingizi sana, kama setirizini na loratadini, vinywewavyo kila siku kwa utaratibu, si siku ya mwasho tu. Na daktari aweza kuzidisha kipimo hata mara nne. Iko pia tangu mwaka 2014 sindano ya omalizumabu kwa walioshindwa na vidonge, ingawa bei yake ni nzito. Aspirini na ibuprofeni huzidisha hali kwa baadhi ya wagonjwa. Na iliyo bora katika habari zote ni kwamba maradhi haya, baada ya miezi au miaka michache, kwa watu wengi huondoka yenyewe.

Lililo baya kuliko kujinyima ni kujipaka. Mwenye kuwashwa hupewa krimu na kila ampendaye, na nyingi ziuzwazo bila ya karatasi ya daktari zina steroidi kali, ile ile iliyomo katika mikorogo ya kung'arisha ngozi. Hutuliza mwasho kwa siku chache, ndiyo maana hupendwa. Lakini zikitumiwa usoni kwa miezi huidhoofisha ngozi ikawa nyembamba, huficha choa kikaenea chini yake, na siku zikiachwa uso huwaka moto kuliko mwanzo. Steroidi ni dawa njema mkononi mwa tabibu, kwa mahali na muda aliouainisha. Mwenye ngozi ya hasira atosheke na vichache: sabuni isiyo na manukato, na mafuta meupe ya mgando yasiyo na harufu. Krimu mpya aijaribu kwanza katika kiwiko kwa ndani, mara mbili kwa siku kwa muda wa wiki moja, kabla ya kuitia usoni. Rangi ya nywele asiijaribu hivyo, maana hiyo kumjaribia mtu mwenye mzio ni kumuumiza.

Basi, msomaji, ikiwa nyumbani kwako yuko mtu wa namna hii, msadiki kwanza. Mwambie apige picha mabaka yake kwa simu yanapotokea, aandike siku na saa na alichokigusa siku tatu zilizotangulia, kisha umfungie katika mfuko kila apakacho na avaacho, sabuni, marashi, udi, losheni, rangi ya nywele na kandambili, apeleke vyote kwa daktari wa ngozi. Na siku yoyote utakayomwona midomo au ulimi unavimba, sauti inakauka, pumzi inambana au anataka kuzimia, usimpake kitu wala usingoje kupambazuke. Mpeleke hospitali saa ile ile.